Nguzo ya Mzee Dionisi

Jumapili, 9/11/1997

Baba Digna, naomba unisamehe. Daftari hili ulinipa mwezi wa nane, siku unapanda treni kurudi kiwandani. Ulisema barua zinapotea njiani, bora niandike humu kidogo kidogo halafu nikuletee lote kwa pamoja, usome kama vile ulikuwepo. Nikaitikia vizuri kabisa. Mpaka leo sijaandika hata neno moja. Si kwamba nimekusahau. Mtoto akilala na mimi nalala, asipolala silali, na kalamu imekaa juu ya kabati mpaka Digna akaichukua kuchorea ukuta. Leo Mama yako amekwenda na Ildefonce kanisani, kambeba mgongoni, mimi nimebaki na beseni la nguo. Nimeliacha pale pale lilipo. Naanza.

Sisi wazima. Digna ameng'oka meno mawili ya mbele, akisema "sista" unasikia upepo tu. Ildefonce anakaa bila kushikwa. Mama yako mzima, ugoro ndio unaomsumbua, maana hauna.

Mvua imeanza tangu tarehe ishirini mwezi uliopita, wakati ule ambao sisi huwa bado tunachoma mashamba. Waliochelewa kuchoma wamebaki na majani mabichi. Redio ya jirani yetu Rabia inasema ni Elinino, itanyesha mpaka mwaka kesho. Mama akasema jina ndilo jipya, maji ni yale yale.

Jumatatu, 10/11

Nimemaliza kufua. Hazijakauka.

Jumamosi, 15/11

Leo tumeshuka bondeni kusimamisha dungu, kibanda chetu cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga. Nakuandikia kirefu kwa sababu kazi hii siku zote ni yako na nilitaka ujue nimeifanya.

Mimi na Rabia tuliibeba nguzo kutoka nyumbani, mmoja mbele mmoja nyuma, kupumzika mara nne. Yule Rabia unamkumbuka, mke wa Nazari, aliyepunguzwa kazi kwenye mashamba ya miwa wakahamia hapa. Shamba lao linapakana na letu. Njia nzima alikuwa akiuliza kwa nini tusikate mti mwingine kule kule kama watu wote. Mama akamjibu kwamba nguzo hii aliichonga marehemu Mzee Dionisi mwaka aliomwoa, na kwamba ina kumbukumbu kuliko makaratasi ya ofisi ya kata. Kisha akamwonyesha alama moja moja: hii ya mwaka wa nzige, hii ya mwaka pantoni lilipokatika kamba pale Kivukoni, na ile ndefu ya juu kabisa ya mafuriko ya mwaka uliozaliwa wewe, ambayo baba aliikata kwa panga akiwa amesimama ndani ya maji.

Mwisho wa chini ulikuwa umeoza kidogo kama kila mwaka. Nikakata sehemu iliyooza, unene wa vidole viwili, Mama ameshikilia nguzo isiteleze. Kile kipande cha mviringo Digna amekichukua, kimekuwa kifuniko cha sufuria yake ya kuchezea. Shimo nimechimba kama unavyochimba wewe, mpaka mkono uzame kufika begani. Sakafu tumeifunga shubiri moja juu ya ile alama ndefu, kama alivyoagiza baba. Alama imekuja usawa wa kiuno changu, penye fundo la kanga.

Ngazi ya mwaka jana ilikuwa na vijiti vitatu. Mwaka huu viwili vimetosha, nikafurahi, nikasema kazi imepungua.

Mbegu tumeipandisha juu: madebe matano. Ndiyo yote iliyobaki baada ya lile jua la mwaka jana. Tumeila nyingine, unajua. Madebe haya yakipotea hatuna pa kuanzia, na watu wa kutuazima hakuna, maana wote ni kama sisi.

Jumapili, 7/12

Tumemwaga shambani madebe mawili ya mbegu kabla ya sikukuu ya Bikira Maria, kama desturi. Matatu yamebaki kwenye dungu. Niliona afadhali turudi nayo nyumbani, Mama akasema mbegu ya Mzee Dionisi ikishashuka bondeni hairudi juu mpaka imekuwa mpunga. Sikubishana. Mgongo unauma.

Jumatano, 10/12

Mvua.

Ijumaa, 12/12

Mvua.

Jumatatu, 15/12

Mvua, na Ildefonce ana homa. Nimemkanda na maji.

Jumatano, 17/12

Hospitali tangu asubuhi. Ni malaria. Wamempa klorokwini ya maji, anaitema, namziba pua namnywesha tena, ananitazama kama mimi ndiye adui yake. Nilimwambia, unikasirikie tu, lakini utameza. Amemeza.

Jumamosi, 20/12

Amecheka leo. Nimelala mchana saa mbili nzima, Mama akapika.

Alhamisi, 25/12

Noeli. Njia ya kanisani ni tope tupu, watu wameingia miguu mitupu na viatu mkononi. Tumekula wali na kambale. Tumekuwekea sahani kama kila mwaka, akaila Digna.

Alhamisi, 1/1/1998

Heri ya mwaka mpya. Nimempima Digna kwenye fremu ya mlango kama unavyompima wewe kila mwaka, kitabu kichwani, nikachora kwa mkaa. Ameongezeka vidole vinne tangu alama ya mwaka jana. Anaanza darasa la kwanza mwezi huu, anatembea na daftari tupu kwapani tangu juzi.

Jumatatu, 12/1

Maji yameingia shambani. Mwezi wa kwanza, Baba Digna. Siku zote tunayangoja mwezi wa tatu, mpunga ukiwa umefika magotini unaweza kushindana nayo. Huu wetu una urefu wa kidole.

Alhamisi, 22/1

Siku ya kumi chini ya maji. Nimeshika mche mmoja, umeteleza mkononi kama mlenda. Madebe mawili yamekwenda. Mama alitazama alama, akasema maji haya bado hayajaifikia hata ile ya mwaka wa pantoni, tusiwe na wasiwasi, tutamwaga mengine yakishuka. Nilimjibu ndiyo, Mama.

Jumamosi, 24/1

Leo kuna jambo. Naandika upesi kabla halijanichanganya.

Maji yamerudi nyuma, tukashuka na Digna kutazama dungu. Rabia alikuwepo shambani kwake, amefunga Ramadhani, mdomo mkavu lakini maneno hayajapungua. Digna akang'ang'ania apimwe na kwenye nguzo pia, maana mwaka jana ulimpima huko. Akasimama, mgongo kwenye mti, nikaweka kiganja kichwani. Alama yako ya mwaka jana iko pale, ile yenye herufi D. Nikapima kutoka alama mpaka kiganja. Vidole sita.

Rabia akasema, "Mtoto wako unamlisha nini, Mama Digna, mbolea?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Mlangoni vinne, bondeni sita, mtoto ni huyo huyo mmoja. Nikampima tena, nimemvua ndala. Sita. Ardhi nimeifagia kwa mguu mpaka kwenye udongo mgumu. Sita.

Digna alikuwa na mzigo wake wa vyombo vya kuchezea. Kile kifuniko cha sufuria kikaanguka mbele yangu. Nikakiokota, nikakilaza juu ya vidole vyangu viwili. Kikalingana.

Nilikaa kwenye kijiti cha kwanza cha ngazi. Mtoto hajakua vidole sita. Nguzo ndiyo imeshuka viwili, kwa sababu mimi nimekata viwili chini na shimo nimechimba la kina kile kile. Na wewe mwaka jana ulikata, na mwaka juzi, na baba kabla yako. Miaka thelathini inafika sasa tangu ile alama ndefu ikatwe. Kila mwaka imeteremka kidogo, na sisi kila mwaka tunafunga sakafu shubiri moja juu yake na kusema tumekaa salama. Nilipoolewa nilikuwa napanda dungu hili kwa ngazi ya vijiti vinne. Nilidhani miguu yangu ndiyo imezoea.

Sijamwambia Mama.

Jumapili, 25/1

Sijamwambia. Nitaanzaje?

Jumanne, 27/1

Nimemenya karanga pamoja naye mchana kutwa na sijamwambia. Amenieleza tena habari za kuzaliwa kwako, jinsi alivyokaa juu ya dungu na uchungu umeanza, na baba yako chini, maji kidevuni, anakata alama na kumwambia vumilia. Habari hii nimeisikia mara ishirini. Leo ndiyo nimeisikiliza.

Jumatano, 28/1

Nimesema. Alikuwa anapepeta mchele na Ildefonce amelala, nikaona sipati saa nzuri kuliko hii. Nikamuuliza, "Mama, si ulisema maji yalimfika baba kidevuni?"

"Ndiyo."

"Baba alikuwa mfupi?"

"Nani, Dionisi? Mlango huu alikuwa anauinamia."

"Mbona alama yake mimi inanifika kiunoni?"

Ungo ukasimama. Nikamweleza yote, ya mlangoni na ya kwenye nguzo, nikamwekea kile kifuniko mapajani. Nilieleza polepole, macho chini, kama mtu anayeomba. Kisha akaniuliza kwa hiyo mume wake alikuwa mwongo. Nikamwambia baba alikata sawasawa, ni mti uliokuwa unapungua mikononi mwetu. Akasema nisimpime marehemu kwa vidole vya mtoto.

Nikamwomba tuyapandishe madebe matatu hapa nyumbani. Akakataa. Anashuka kesho kutwa kusafisha shamba, na mbegu itabaki na mwenyewe. Na akaongeza kwamba Digna atakwenda naye siku za mapumziko kama kawaida, kumfukuzia ndege.

Baba Digna, najua ni mama yako. Nampenda, amenilelea watoto mikononi. Lakini nilimwambia hivi, na naandika ili ulisikie kwangu kwanza: "Mbegu ni yako, Mama, siwezi kukunyang'anya. Watoto ni wangu. Digna hashuki tena bondeni mpaka maji yamalize safari yake."

Jioni alikula kidogo.

Ijumaa, 30/1

Idd. Rabia ametuletea pilau. Mama amehamia bondeni peke yake tangu alfajiri.

Jumamosi, 31/1

Mimi na Rabia tumeshuka na fito na kamba za migomba. Tumefunga dari juu kabisa kwenye dungu, chini ya makuti, juu kidogo ya kichwa changu nikisimama ardhini. Mtu mzima anaingia kwa kujikunja. Sikuomba ruhusa, na Mama hakunizuia. Alikaa chini anachonga mpini, na tulipomaliza akainua macho akasema, "Dari la panya." Rabia akamjibu kwamba panya nao wana akili ya kujua maji yanafika wapi. Nikamkanyaga mguu.

Jumapili, 15/2

Jua siku tatu mfululizo. Digna anaandika a, e, i. Hiyo o inamshinda kuifunga.

Jumatano, 25/2

Majivu. Mama alipanda kuja kanisani, akarudi dunguni saa ile ile. Tunasalimiana vizuri, shikamoo na marahaba zote zipo, ila baada ya hapo hakuna kitu. Anasema atamwaga tarehe kumi mwezi ujao.

Jumanne, 3/3

Barabara imekatika upande wa Kiberege, magari hayapiti. Treni ndiyo imebaki. Milima haionekani kwa mawingu, upande wa Mahenge na upande wa Udzungwa.

Alhamisi, 5/3

Mvua.

Ijumaa, 6/3

Mvua. Nimetuma ujumbe Mama apande. Amejibu nguzo inamtosha.

Jumanne, 10/3

Nataka niandike leo leo.

Jana asubuhi Kelestini, yule mwenye mtumbwi wa Kivukoni, alipita akasema mto umeinuka tangu juzi na hauonyeshi dalili ya kuchoka. Amewatoa watu wawili tayari. Nikamwambia Mama yuko kule. Alinitazama, akasema twende basi, unangoja chai? Watoto nikamwachia Rabia. Ildefonce alilia, sikugeuka.

Njia tunayopita kwa miguu tuliipita kwa mtumbwi. Nilikuwa natazama vichwa vya matete, najaribu kujua shamba la nani ni lipi. Kelestini alikuwa anasukuma pondo bila haraka, na ananieleza habari za kaka yake aliyeoa Kisawasawa, mahari yake na ugomvi wake, yote. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananishughulisha akili.

Tulipoliona dungu, sakafu haikuonekana. Makuti tu, na nguzo zinatoka kwenye maji. Nikaita. Nikaita tena, nikasikia mtu anakohoa ndani ya makuti.

Alikuwa darini. Amejikunja, magoti kidevuni, kanga kichwani, na pembeni yake viroba viwili vya mbegu, vikavu.

"Umeniletea ugoro?"

Nikamwambia sina, Mama.

"Dari lako linanuka panya kweli," akasema, na akanyoosha mkono nimshike.

Kiroba cha tatu kilimshinda kupandisha. Alikifunga kwenye nguzo kisichukuliwe, kikawa kinaelea, kimelowa chote. Tulipakia vyote vitatu. Alipokaa ndani ya mtumbwi alimwomba Kelestini asiondoke kwanza, asogee karibu na nguzo ya mzee. Akainama ukingoni, akaingiza mkono ndani ya maji, akawa anapapasa mti kwenda chini, chini, mpaka maji yakamfika kiwiko. Akasimama hapo. Nikajua ameipata alama ile ndefu, iko chini ya maji mkono mzima kutoka vidoleni hadi kiwikoni, na shubiri moja tuliyojiongezea haikusaidia kitu.

Hakutoa mkono. "Mwanangu Venance alikuwa anakata kiasi gani kila mwaka?"

"Vidole viwili, Mama. Mwaka mwingine kimoja."

"Na baba yake kabla yake."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuwa nashikilia nguzo isiteleze," akasema.

Kelestini akatusukuma mpaka nchi kavu. Pale tuliposhuka aliniambia jambo moja tu, kwamba maji ya mwaka wako yalikuwa makubwa kuliko haya. Kidevuni kwa Dionisi. Kama ni yale ndiyo yangekuja jana, dari nalo lingekuwa chini yake. Nilikuwa nimeshafikiri hivyo njiani, lakini nilitaka alifikie mwenyewe.

Jumatano, 11/3

Kiroba kilicholowa kimepata joto, na mbegu zimeanza kutoa ncha nyeupe. Haziwezi kukaushwa tena. Mama alikifungua, akachota kiganja, akanusa, akasema hii inataka udongo leo au kesho, vinginevyo tuwape bata. Lakini udongo wetu uko chini ya maji.

Nikakumbuka yule bwana shamba aliyekuja mwaka juzi kufundisha kitalu, kwamba mbegu inaoteshwa kwanza mahali padogo, miche inahamishwa baadaye. Tulimcheka siku ile, tukasema sisi tunamwaga tangu mababu. Kumbe alisema mbegu iloweshwe mpaka itoe ncha ndipo iwekwe kitaluni. Maji yametufanyia nusu ya kazi. Kilichobaki ni ardhi ya juu. Kiwanja chetu hapa ni nyumba na choo, hakuna zaidi.

Nimemwambia Rabia. Akasema nyuma kwake kuna sehemu Nazari aliyoitenga kufyatulia matofali. Nikamuuliza Nazari atasemaje. Akasema Nazari ataambiwa.

Alhamisi, 12/3

Tumelima kitalu. Nilidhani tutakuwa watatu. Wamekuja wanawake kumi na mmoja: wa jumuiya yetu, na majirani wa Rabia wa kule mashamba ya miwa, na mke wa Kelestini. Wengi wao mbegu yao imekwenda na maji, kwenye madungu yaliyofungwa juu ya alama za wazee wao. Mama alisimama mbele yao na kile kifuniko cha Digna mkononi, akaeleza mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, hakunitaja jina wala hakujificha. Alisema, "Nendeni mkapime nguzo zenu. Yangu imenidanganya, na niliishika kwa mikono yangu." Hakuna aliyecheka. Mmoja alisema taratibu kwamba kwake huwa wanakata na shoka.

Kisha akagawa debe lile kwa matuta. Kila aliyeshika jembe ana tuta lake, kilichoota ni chake. Nazari alirudi jioni akakuta kiwanja chake cha matofali kimekuwa bustani. Alizunguka mara mbili, akauliza chakula kiko wapi.

Jumapili, 22/3

Kitalu kijani kabisa. Digna anakwenda kukisalimia kabla ya shule.

Jumapili, 12/4

Pasaka. Maji yameanza kushuka. Mama amesema tusiharakishe, tungoje tope lishike. Ameniuliza mimi naonaje. Nikaona aibu kujibu, nikajibu.

Jumatatu, 20/4 mpaka Ijumaa, 24/4

Tunahamisha miche. Sina nguvu ya kuandika. Kuinama asubuhi mpaka jioni, tope magotini, mstari mmoja watu kumi na wawili. Wanaume waliokuwa wanapita na baiskeli kule juu walitupigia kelele, wanauliza tangu lini mpunga unapandwa kama vitunguu. Mama akawajibu washuke waje kumenya. Madebe mawili makavu tumekubaliana yasiguswe hata moja. Yako nyumbani, chini ya kitanda chetu, upande wako.

Jumatano, 13/5

Mpunga umesimama. Bado mfupi kuliko miaka yote, lakini umesimama.

Jumapili, 31/5

Ndege. Digna ameruhusiwa kushuka bondeni. Nimemruhusu mimi, Mama hakuomba. Wanapiga madebe huko wawili, naambiwa kelele zinafika Kivukoni.

Jumamosi, 27/6

Tumevuna. Gunia tano, Baba Digna, mahali pa kumi na mbili za miaka mingine. Si nyingi, lakini tutakula, na mbegu tunayo. Mbegu tumeiweka sehemu tatu: kwetu, kwa Rabia, na kwa mama yangu Kiberege. Mama yako ndiye aliyepanga hivyo. Amesema pia mwakani nusu tumwage na nusu tuweke kitaluni, maana mvua haieleweki tena inakuja mwezi gani, na hatuwezi kuicheza yote kwa upande mmoja. Nilimuuliza kama anadhani maji yameongezeka au ni nguzo tu iliyopungua. Akasema labda yote mawili, na ndiyo maana anataka kujua.

Jumapili, 5/7

Baada ya misa watu wa bondeni walikutana pale kwenye kalavati, lile daraja dogo njia inapoanza kuteremka. Wamepima nguzo zao. Kelestini kwake amekuta upungufu wa kiganja na nusu, na mke wake hamwachi apumue. Wamebishana sana, wengine wanataka kila mtu aanze nguzo mpya, wengine waache kukata. Mama akasema kila kinachochomekwa kwenye tope kitaoza, tutafute kisichooza. Ukuta wa kalavati ni wa zege. Alama ya tope ya mwezi wa tatu bado inaonekana pale, mstari wa kahawia. Tumeifuata kwa mkaa na kuandika mwaka. Kutoka hapo Mama alipandisha mkono polepole, akafumba macho, akasimama mahali, akasema ya mwaka wa Venance ingekuwa hapa. Tukachora na hiyo, na pembeni nikaandika jina la Mama: "kadiri Margareta anavyokumbuka". Madungu yote yatafungwa juu ya mstari ule wa juu. Anayetaka kubishana akabishane na kalavati.

Jioni imenyesha manyunyu kidogo na mkaa umeanza kuchuruzika.

Jumanne, 7/7

Rabia anapanda treni kesho kumwona dada yake huko kiwandani, ndiye anayekuletea daftari. Msomee polepole atakayekuuliza habari zetu, na pale nilipomjibu mama yako usisome kwa sauti.

Anarudi wiki ijayo. Naomba umpe vitu hivi, na usibadilishe, maana kila kimoja kina kazi yake. Rangi ya mafuta nyekundu, kopo moja dogo, na brashi ya inchi moja, za kalavati. Klorokwini ya maji ya mtoto, chupa mbili. Viroba vikavu vitatu vyenye nailoni ndani, vya mbegu. Daftari la mistari mipana la Digna. Ile o sasa anaifunga. Ugoro, ule wa kopo, si wa karatasi. Misumari ya inchi sita, minne: nguzo ya mzee haitashuka tena bondeni, tunaipigilia ukutani sebuleni, hakuna atakayeikata. Na futi ya kupimia, ya chuma, moja. Mama amenirudisha mezani niandike wazi kwamba asiletewe ile ya kitambaa ya fundi cherehani. Anasema hiyo nayo ikilowa inarefuka.